Hongo ya Njia ya Elimu: Tabora na Utawala wa Vyuo vya Umma

Katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe na kwenda hata Ujiji, msafara haukupita bila ya kutoa hongo. Neno hili leo limeharibika, na mwenye kulitaja hutaja jambo la aibu. Zamani halikuwa hivyo. Hongo ilikuwa haki ya mtemi: nguo, shanga na waya alivyopewa kwa ajili ya maji, chakula na amani ya nchi yake. Ugogoni, ambako maji ni adimu, ilikuwa nzito, na wasafiri walikaa siku kadhaa wakiijadili. Lakini kwa kawaida palikuwa na mpaka ambao pande zote mbili ziliujua. Mtemi alichukua sehemu ya mzigo. Hakumchagulia mwenye msafara kirangozi, wala hakuamua mzigo uende wapi.

Nautwaa mfano huu kwa sababu unatufaa katika suala ambalo wanafunzi wetu huniuliza mara nyingi, nami siwezi kulijibu kwa neno moja: je, mkono wa siasa una haki gani katika utawala wa vyuo vya umma? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Serikali ijengayo chuo na kulipa mishahara ya walimu wake haiwezi kuambiwa isiulize neno. Ina haki ya hesabu safi ya fedha, na ina haki ya kutazamia wahitimu watakaoifaa nchi. Hiyo ndiyo hongo ya njia. Ubishi wetu ni juu ya mpaka. Na kwa kuutafuta mpaka huo katika Tanzania, hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko Tabora.

Tabora ilipita katika mikono mingi kwa muda mfupi. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1893. Reli ya kati ikafika mjini mwaka 1912, na kazi ya wapagazi, iliyokuwa fahari ya Wanyamwezi, ikaanza kufifia. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, kisha ukawa chini ya Waingereza. Hao ndio waliofungua Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1925, mwaka ule ule Gavana Donald Cameron alipowasili Tanganyika.

Shule hiyo ilikuwa na kusudi lisilofichwa. Cameron alitaka kuitawala nchi kwa kuwatumia watawala wenyeji, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikaupa mpango huo nguvu. Basi serikali ilihitaji watemi wajuao kusoma, kuandika, kuweka hesabu ya kodi na kusikiliza mashauri ya baraza. Wana wa watemi wakakusanywa Tabora. Utaratibu wa mabweni na viranja ukafuata mfano wa shule za wakubwa wa Uingereza, hata watu wakaifananisha shule na Eton. Hapa siasa haikuingilia elimu kutoka nje. Siasa ndiyo iliyokuwa mjenzi, ikaamua nani asome, asome nini, na akitoka akafanye kazi gani.

Je, mpango ulifaulu? Kwa kipimo cha waliouweka, ulifaulu nusu. Watemi walitoka kweli: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdallah Fundikira wa Unyanyembe ni miongoni mwao. Lakini milango ya shule haikuweza kubaki kwa wana wa watemi tu, wala vitabu havikuweza kubaki na maana moja tu. Mwaka 1937 aliingia kijana kutoka Butiama, mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Kwa nasaba alikuwa mwanafunzi ambaye shule ilimkusudia hasa. Baada ya Tabora alikwenda Makerere, kisha akarudi Tabora mwaka 1946 kuwa mwalimu katika shule ya Wamisionari ya St. Mary's. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa jamhuri chini ya Julius Nyerere huyo huyo, mamlaka ya watemi ilifutwa kwa sheria. Shule iliyojengwa kuuimarisha utemi ilimlea mtu aliyeuondoa.

Yafaa tukae kidogo juu ya jambo hili. Mtawala akikiamuru chuo kifundishe utii, hana hakika ya kupata utii, kwa kuwa chuo kikifanya kazi yake hata kwa kadiri ndogo, humpa mwanafunzi kipimo cha kumpimia aliyemlisha. Hakika moja anayoweza kuipata ni hii: watu wataacha kumwambia wanayoyaona.

Serikali ya kikoloni iliogopa kipimo hicho. Mwaka 1953, chini ya Gavana Twining, watumishi wa serikali, walimu wakiwamo, walikatazwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Mwaka 1955 Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu katika shule ya misheni, alilazimika kuchagua baina ya ualimu na uongozi wa TANU, naye akaacha ualimu. Aliijua basi kwa nafsi yake gharama ya mwalimu kufungwa mdomo. Na Januari 1958, Tabora iliona tena thamani ya hoja huru. Mkutano mkuu wa TANU ulikutana huko kuamua kama chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walikuja na nia ya kususa. Mkutano uligeuzwa kwa maneno, si kwa amri, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Asiyeridhika, Zuberi Mtemvu, alitoka akaunda chama chake.

Msomaji akiyakumbuka hayo atastaajabu kwa yaliyofuata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wa sheria wachache katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Lilikuwa tendo la ukarimu: nchi ilikuwa haijapata uhuru, wala majengo ya Mlimani hayakuwapo. Lakini mgeni anayelala katika nyumba ya mtu huifuata desturi ya nyumba. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu watumike kwa muda mrefu wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais aliwafukuza karibu wanafunzi 400 siku ile ile, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Si haki kumhukumu kwa haraka. Nchi ilikuwa maskini, na kila mwanafunzi wa Mlimani alisomeshwa kwa jasho la wakulima wengi ambao watoto wao hawakuwa na shule hata ya darasa la nne. Hasira ya Rais ilikuwa na sababu, na kujipunguzia mshahara kulionyesha kwamba hakuwataka wengine wabebe asichokibeba yeye. Hiyo ilikuwa hongo halali: taifa lilidai sehemu ya mzigo. Lakini katika miaka iliyofuata, mkono uliodai sehemu ulikwenda kumshika kirangozi.

Mwaka 1970 chuo kilipojitegemea baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Rais alikuwa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa Chuo akawa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja katika ukatibu mtendaji wa TANU. Aliyemfuata mwaka 1977, Ibrahim Kaduma, alitoka katika uwaziri wa mambo ya nje. Aliyemfuata huyo mwaka 1980, Nicholas Kuhanga, alitoka katika uwaziri wa elimu. Sisemi kwamba mabwana hao walikosa uwezo. Nasema kwamba kwa miaka 18 kiti cha uongozi wa chuo kilijazwa kutoka katika chama na baraza la mawaziri, na mwalimu kijana aliyeyaona hayo alijifunza ni ngazi ipi inayompandisha mtu. Mwaka 1988 ndipo kiti kilipofika kwa Profesa Geoffrey Mmari, mtu wa darasani.

Mambo mengine yalifuata mkondo huo. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilipigwa marufuku pamoja na umoja wa wanafunzi waliolitoa, na hali hao walikuwa wajamaa wakali kuliko chama chenyewe. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alipomwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi kulalamikia namna chuo kinavyoendeshwa, askari wa kutuliza ghasia walifika Mlimani, naye akarudishwa kwao. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana atokaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, na kuingia kwake chuoni kutegemee pia sifa zake mbele ya mwajiri na tawi la chama. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakarudishwa makwao.

Tazama basi mzunguko wake. Mtawala wa kwanza alimwambia mwalimu: usiingie siasa. Mtawala wa pili alimwambia: ingia, lakini iwe siasa yetu. Maneno yalipingana, na shabaha ilikuwa moja. Wote wawili walikiona chuo kuwa ni mali ya anayekilisha.

Atasema mtu kwamba katika miaka hiyo hiyo Mlimani palisifika duniani, na kwamba Walter Rodney aliandika hapo kitabu chake juu ya Ulaya na kudidimia kwa Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Ni kweli, nami najivunia. Lakini sifa ile ililetwa na mabishano, na kila mlango wa mabishano ulipofungwa ilipungua. Mwezi Mei 1990 chuo kilifungwa kwa miezi mingi baada ya mgomo wa wanafunzi. Mwezi mmoja kabla, vyama vya walimu wa vyuo vya elimu ya juu vilikuwa vimetoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Watungaji wake hawakudai uhuru peke yake. Waliandika na wajibu, wakijua kwamba njia haina amani asipokuwapo anayelipa hongo.

Tangu miaka ya 1990 Rais aliye madarakani si tena Mkuu wa Chuo, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 imeweka Tume na utaratibu wa mabaraza. Hayo ni maendeleo. Lakini taarifa za uteuzi wa wakuu wa vyuo vya umma bado hutoka Ikulu, na desturi haifi upesi kama sheria. Niliwahi kukaa katika kikao cha chuo kimoja ambacho sitakitaja, tukiwa tumeitwa kupendekeza mkuu wa idara. Tulikuwa tumekwisha kusoma maandishi ya waombaji watatu, ndipo mwenyekiti alipotuambia kwamba jina limekwisha kupokelewa kutoka juu. Tulikuwa watu 9, wengi wetu wenye shahada za udaktari. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Usiku ule niliona kwamba hakuna aliyetunyang'anya mzigo; tuliufunga wenyewe, tukaukabidhi.

Njia ya Tabora inatuonya pia juu ya mwisho wa mambo haya. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji kwa ugomvi wake na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na ushuru, na Waarabu walipomwendea kwa vita walishindwa. Stanley, aliyekuwa Tabora akimtafuta Livingstone, hakungoja ugomvi uishe. Alizunguka kusini kwa kupitia Ukonongo akafika Ujiji. Msafara ukifungiwa njia hutafuta njia nyingine, na mwalimu hodari hufanya vivyo hivyo. Wengine hwenda ng'ambo. Wengine hubaki ofisini, lakini akili zao zimekwisha kuhama.

Tabora ya leo ina vyuo vya umma vya ualimu, ardhi, reli na utumishi wa umma. Havivumi kama Mlimani, na ndiyo sababu navitaja. Kijana anayefundishwa huko kupima mashamba, kesho atasimama baina ya mkulima na mwenye cheo anayelitaka shamba lile. Kama alimwona mkuu wa chuo chake akiwekwa na kuondolewa kwa simu, atajua kamba ya kupimia inapaswa kuinamia upande gani. Hapo ndipo gharama inapolipwa, na anayeilipa hajapata kuingia chuoni.

Basi serikali ichukue hongo yake iliyo halali: ikague hesabu, iulize mafunzo, idai utumishi kwa taifa. Lakini kirangozi achaguliwe na baraza kwa sifa zilizotangazwa, akae kwa muda uliowekwa, na akiondolewa, sababu iandikwe na isomwe na wote. Na sisi walimu tulio katika vikao, jina litakapoletwa tena kutoka juu, mmoja wetu aulize. Kwa upande wangu nimeahidi kwamba nitauliza.