Tovuti ya kupunguza ulevi hatua kwa hatua

Tovuti ya kuwasaidia watu kuacha pombe huanza kwa kupima hali ya mnywaji. Kipimo kinachotumiwa sana ni AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) lililotolewa mwaka 1989. Lina maswali 10 na alama 0 hadi 40. Alama 8 au zaidi huashiria unywaji wa hatari. Kisha mtumiaji huandika kila siku kiasi alichokunywa, hujiwekea kikomo, na hukishusha polepole.

Mwaka 2012 Zambia ilipiga marufuku tujilijili, pombe kali ya vifuko vya plastiki. Marufuku huiondoa bidhaa dukani, lakini mwili uliozoea pombe hubaki ukiidai. Aliyekunywa sana kila siku akiacha ghafla huweza kutetemeka, kuanguka kifafa au kuona maruweruwe, hasa katika siku 3 za mwanzo, na hata kufa. Kwa hiyo tovuti humtaka amwone mganga kwanza. Mkazi wa kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, huvuka maji kuifikia hospitali ya St. Paul's, Nchelenge, onyo hilo halina budi kumfikia mapema.