Amefaulu, lakini hakuchaguliwa

Tranka la mama mkubwa bado lipo, chini ya kitanda kwenye chumba cha nyuma. Ni la bati, jeusi, na kwenye kifuniko kumeandikwa kwa rangi nyeupe jina lake, kijiji chake cha huko Kasulu na jina la shule aliyokuwa akienda. Herufi ziliandikwa na baba yake kwa mkono, na S moja imegeuka nyuma mbele. Mwaka 1979, katika darasa lao zima, walichaguliwa wawili kwenda sekondari ya serikali. Serikali ilimpa waranti ya treni. Akapanda lori hadi Kigoma, na kutoka Kigoma akaingia daraja la tatu kwenda Tabora, tranka miguuni, ndani yake shuka mbili, sabuni ya mche, kanga ya mama yake na jembe lisilo na mpini, kwa sababu fomu ya shule ilisema kila mwanafunzi aje na jembe.

Nilipomuuliza kuhusu wenzake waliobaki kijijini, alijibu neno ambalo nimekaa nalo muda mrefu: "Wengine walifaulu, mwanangu. Hawakuchaguliwa tu." Kijiji chote kilisema wamefeli. Kupata alama za kufaulu kulikuwa jambo moja na kupata nafasi jambo jingine, ila vinywani mwa watu mambo hayo mawili yalikuwa neno moja, na mtoto wa miaka kumi na minne alilibeba neno hilo maisha yake yote. Hadi leo tunasema "yule ni la saba" kama vile tunataja kabila la mtu.

Historia ya elimu yetu, kwa jinsi ninavyoisoma, ni historia ya mlango huo wa kuchaguliwa: nani anausimamia, umewekwa darasa la ngapi, na anayepita anapita kwa nini.

Waingereza hawakuficha walichokitafuta. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa watoto wa watemi na machifu, ili ukoloni upate watawala wadogo wa kuongoza kwa niaba yake. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma. Nje ya mstari huo wa watemi, shule nyingi zilikuwa za misheni, na misheni zilijenga kule walikopata waumini, mara nyingi kwenye maeneo ya kahawa: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Pwani, wazazi wengi Waislamu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, kumpeleka mtoto mahali ambapo kitabu kilikwenda pamoja na ubatizo. Juu ya yote hayo kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na la Mwafrika ndilo lilikuwa jembamba kuliko yote. Mwafrika alipangwa aishie darasa la nne, ambako kulikuwa na mtihani wa kumchuja.

Ilipofika mwaka 1961, mwaka wa uhuru, Tanganyika ilikuwa na wanafunzi wapatao 490,000 wa shule za msingi. Sekondari walikuwa 11,832. Kidato cha sita walikuwa 176. Idadi hiyo ya mwisho inaenea kwenye mabasi matatu, na kati ya watu hao ndipo nchi nzima ilipaswa kupata mahakimu, madaktari, wahandisi na makatibu wakuu.

Serikali mpya iliunganisha shule za rangi zote na kufuta ada ya sekondari mwaka 1964. Lakini mlango ukiwa mwembamba hivyo, aliyepita anaanza kuamini kwamba yeye ni mtu wa namna nyingine. Hilo lilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwaingiza Jeshi la Kujenga Taifa baada ya masomo. Kilichowachoma zaidi ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali.

Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika hadharani. Alisema mishahara ya wasomi ni mikubwa mno, na wa kwake ukiwemo, akaukata wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo. Wanafunzi zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea chuoni mwaka uliofuata, lakini jeraha lilishafika mahali pake. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, na kijitabu chake, Elimu ya Kujitegemea, kikafuata Machi.

Ukikisoma kijitabu hicho leo, unamkuta mtu anayefanya hesabu. Kati ya wanaomaliza shule ya msingi, ni asilimia 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari. Basi shule ya msingi inayomwandaa kila mtoto kwa mtihani wa kwenda sekondari inawaandaa watoto 87 kati ya 100 kwa ajili ya kushindwa. Jibu lake lilikuwa kuifanya shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, yenye shamba na karakana, na mtoto asijione ameanguka akirudi nyumbani kulima. Jembe lile ndani ya tranka la mama mkubwa lilitoka hapo.

Wazazi hawakukubali, na siwalaumu. Walikuwa na macho. Waliona aliyechaguliwa anarudi likizo na viatu, na aliyeambiwa elimu yake imekamilika anashika jembe lile lile la babu. Mtihani wa darasa la nne ulifutwa mwaka 1973 pamoja na ada ya shule ya msingi. Mwaka 1974, kule Musoma, TANU ikaamua kila mtoto aingie darasani ifikapo 1977, miaka mingi kabla ya mpango wa awali. Madarasa ya miti na udongo yalisimama nchi nzima, na wahitimu wa darasa la saba wakafundishwa upesi ili nao wafundishe, wale ambao mpaka leo wanaitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Ilikuwa kazi kubwa, na wengi tuliopata kusoma tulishikwa mkono kwanza na walimu hao. Ila sekondari haikupanuliwa. Fedha zilikwenda kwenye shule za msingi, na juu mlango ulibaki ulivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya vijana 100 wa rika la sekondari, walioipata hawakufika 5.

Kwenye mlango huo mwembamba ndipo mgawo ulipoingia. Nafasi za kidato cha kwanza kwenye shule za serikali ziligawiwa kwa mikoa na wilaya, badala ya kuchukua watoto kwa orodha moja ya alama ya taifa. Maana yake, mtoto wa Moshi aliweza kuachwa kwa alama ambazo zingempeleka sekondari angekuwa Kigoma au Lindi. Watu wa Kilimanjaro waliumia na bado wanayakumbuka. Nami nauona mgawo kuwa moja ya mambo ya haki kabisa ambayo nchi hii imewahi kufanya, hata kama mtoto aliyeachwa hakuwa na kosa lolote. Mtoto wa Kasulu aliyefundishwa chini ya mwembe na mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, akipata alama 70, amepanda mlima mrefu kuliko aliyepata 80 kwenye shule iliyojengwa na misheni, yenye miaka sitini na maktaba.

Na kuna jambo ambalo mgawo ulileta bila kuandikwa kwenye waraka wowote. Pale Tabora, kitanda cha juu alilala mama mkubwa, na cha chini alilala binti wa mkubwa mmoja wa serikalini kutoka Dar es Salaam. Wote walikula ugali na maharage yale yale yenye wadudu, wote walipanga foleni bombani saa kumi na moja alfajiri. Binti yule alimfundisha kuvaa soksi; mama mkubwa alimfundisha kupalilia bila kukata mche wa mahindi. Bado wanapigiana simu. Mkubwa yule hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka mwanawe, na kwa sababu hiyo shule ilipokosa unga, kulikuwa na mzazi ambaye simu yake ingepokelewa wizarani.

Watu waliobanwa na mlango hawakukaa kimya. Kilimanjaro na Bukoba walijenga sekondari zao kwa fedha za kahawa na michango ya makanisa, na Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala ikajenga zake sehemu nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilikuwa imefilisika; ada ikarudi na sekondari binafsi zikafunguliwa njia. Wenye uwezo wakaanza kuwavusha watoto wadogo kwenda Kenya na Uganda wakajifunze Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakamilisha kilichokwisha kuanza, na shule za msingi za ingilishi midiamu zikaota mijini. Nyingi zilipewa majina ya watakatifu. Watu wa mitaani, kwa uchungu uliojificha ndani ya mzaha, wakazipa za serikali mtakatifu wa kwao: Mtakatifu Kayumba. Watoto wakagawanyika kuwa wa Saint na wa Kayumba.

Simama kituoni mtaa wowote wa Dar es Salaam saa kumi na mbili kasoro asubuhi uwatazame. Basi la njano linapita, taa za ndani zinawaka, vichwa vidogo vimelala kwenye vioo. Pembeni ya barabara wamesimama wenzao, sare zimepauka, nauli ya mwanafunzi imebanwa kiganjani. Daladala inafika, konda anaweka mkono mlangoni: wanafunzi wawili tu. Walio kumi na watano wanaikimbilia nafasi hiyo ya wawili. Wako darasa moja na wale wa basi la njano, umri mmoja, na tayari wameshafanya mtihani wa kwanza wa siku kabla jua halijachomoza.

Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa tena, na kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), kila kata ikaanza kujenga sekondari yake. Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu aliwabana viongozi wa mikoa mpaka matofali yakapanda. Hatimaye mlango wa darasa la saba ulifunguka. Vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kutoa mwanafunzi wa sekondari vilitoa thelathini kwa mwaka mmoja. Yeyote anayezidharau shule za kata namwomba kwanza akaulize kijijini kwao ni wasichana wangapi wangesoma bila hizo.

Walimu ndio hawakuwepo. Walitafutwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa msasa kwa wiki chache na kupelekwa darasani. Watu wakawaita vodafasta. Maabara ilikuwa chumba kilichoandikwa "maabara". Na lugha ikageuka ghafla. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta biolojia, jiografia na hesabu vyote kwa Kiingereza, huku mwalimu wake mwenyewe akikitafuta Kiingereza hicho kwa shida. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo. Mwalimu aliandika ubao mzima kuhusu mmeng'enyo wa chakula, kwa Kiingereza, wanafunzi wakanakili mpaka nukta. Nikamnong'oneza kijana aliyekuwa kando yangu anieleze kilichoandikwa. Alinyamaza. Nikamuuliza kwa Kiswahili ugali unakwenda wapi baada ya kuumeza, akanieleza vizuri sana, utumbo kwa utumbo, kwa kuwa amekulia kwenye nyumba inayochinja mbuzi. Maarifa anayo. Mtihani utamuuliza kwa lugha ambayo mtoto wa basi la njano aliianza akiwa na miaka mitatu.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa: watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata daraja sifuri. Tume ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 ya sekondari za kutwa ikaondolewa, jambo jema kweli kweli. Lakini kwa wakati huo mchujo ulikuwa umeshahama darasa la saba na kukaa kidato cha nne. Kumi bora za kila mwaka zilijaa shule kama St. Francis ya Mbeya, Feza na Marian, mpaka Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kabisa kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Orodha iliondoka magazetini. Tofauti iliyokuwa ikiionyesha imebaki madarasani.

Sasa sera imebadilishwa tena. Elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, na shule ya msingi itaishia darasa la sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, kwenye madarasa na kwa walimu ambao wanatakiwa kuandaliwa kuanzia leo.

Binti wa kaka yangu yumo katika hao wa darasa la sita. Anasoma Kayumba, anapenda hesabu, na mama mkubwa ameshasema tranka ni lake. Nimemweleza kwamba sekondari ya kata ni ya kutwa, mtoto atakwenda asubuhi na kurudi jioni kwa miguu, hatahitaji tranka. Alinitazama kidogo, akainama, akalivuta kutoka chini ya kitanda na kuanza kulifuta vumbi.