Egemeo la bunduki

Neno egemeo limetokana na kitenzi egemea. Walimu wa fizikia hulitumia kutaja mahali wenzo unapogeukia. Walenga shabaha nao wanalihitaji, kutaja kitu wanachoegemezea bunduki.

Katika uwanja wa kulenga shabaha wa Bisley, Uingereza, shabaha huwekwa hadi umbali wa yadi 1,200. Bunduki yenye urefu wa mita 1 ikiyumba milimita 1 tu kwenye ncha ya mtutu, risasi hupotoka mita nzima ikifika mita 1,000.

Ndiyo maana bunduki huegemezwa. Katika mashindano ya kulenga shabaha ya F-Class, kundi la F-TR hutumia miguu miwili iliyofungwa kwenye bunduki, na uzito wa miguu hiyo huhesabiwa ndani ya kikomo cha uzito wa bunduki, kilo 8.25. F-Open huruhusu egemeo zito linalokaa chini, lisilohesabiwa. Kitako hulazwa juu ya mfuko wa mchanga.

Wanahabari wa michezo, kuviita vifaa hivi vyote "stendi" kunaficha tofauti hiyo. Andikeni egemeo, miguu, mfuko.