Kutoka Lami Hadi Barafu: Asili ya Timu ya Simba wa Barafu wa Nairobi

Historia ya timu ya Kenya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu wa Nairobi, haina budi kuanza na viatu. Katika mwaka 1980, huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Scott na Brennan Olson, walianza kuunda viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa katika mstari mmoja. Wachezaji wa magongo ya barafuni walikosa barafu wakati wa joto, nao walitaka mahali pa kufanyia mazoezi. Wazo lenyewe lilikuwa la kale, kwani viatu vya namna hiyo vilikwisha kupewa hataza London mwaka 1823.

Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Wengi wa wachezaji walijua kuteleza juu ya lami kabla ya kukanyaga barafu hata mara moja. Barafu ilifika mwaka 2005, hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, ilipofungua uwanja ndani ya jengo lake. Waliotangulia kuchezea magongo hapo walikuwa wageni kutoka Canada na Marekani waliofanya kazi mjini. Vijana wa magurudumu walijiunga nao baadaye, na kufika mwaka 2016 timu ilikuwa imepata umbo lake.

Yadhaniwa kwamba ajuaye kimoja amekwisha kujua cha pili. Sivyo. Juu ya lami mtu huweza kusimama kwa kukandamiza kizuizi cha mpira kilichoko kisiginoni. Barafuni kizuizi hicho hakipo. Sharti ageuze vyuma ubavu kwa ghafula, akwangue barafu, na asianguke. Kwenda mbele, basi, vijana walikwenda nako. Kusimama walikujifunza upya.

Jina la mchezo nalo lataka kuangaliwa. Mpira wa magongo wa uwanja wa nyasi ulikuwa na sifa kubwa nchini Kenya, ambayo ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 huko Barcelona. Jina hilo likanyoshwa hadi barafuni, ambako kipigwacho si tufe bali ni kisahani. Lakini kisahani hicho hutengenezwa kwa mpira, hata jina limebaki kweli kwa bahati tu, na kwa maana nyingine ya neno lile lile.

Shida kubwa ya timu ilikuwa kukosa mshindani, maana nchini hapakuwa na timu ya pili. Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Toronto wakapambane na wengine, na wachezaji mashuhuri Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi zao na kucheza upande wao. Safari hiyo iliwapa sifa. Haikuwapa mpinzani wa nyumbani. Katika Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Uanachama huo ulipatikana kwa mazoezi ya uwanja wa hoteli, ulio mdogo kuliko kipimo cha kimataifa cha mita 60 kwa 30, na ambao saa zake hulipiwa. Lami haina malipo, na wachezaji wapya wameendelea kutoka huko.