Halaiki
Halaiki ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuumba. Humaanisha viumbe au watu wengi kwa pamoja. Nchini Tanzania ni jina pia la maonyesho ya watoto na vijana uwanjani katika sherehe za kitaifa. Katika habari za vita, mauaji ya halaiki ni kuua watu wengi kwa mkupuo, hasa raia wasio na silaha.

Mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha My Lai, wakati wa Vita vya Vietnam. Tarehe 16 Machi 1968, wiki chache baada ya mashambulizi ya Tet ya vikosi vya kikomunisti kutikisa imani ya Wamarekani kwamba ushindi uko karibu, askari wa Marekani waliwaua wanakijiji, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Vietnam inahesabu waliouawa 504. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilidai kuwa ni wapiganaji 128. Ukweli ulianikwa Novemba 1969 na mwandishi Seymour Hersh, na upinzani dhidi ya vita ukaongezeka. Mwaka 1971 Luteni William Calley alitiwa hatiani kwa kuua watu wasiopungua 22. Ni yeye pekee aliyepatikana na hatia.

Mauaji ya kimbari ni istilahi nyingine. Kimbari hutokana na mbari, yaani ukoo, na kisheria hudai ithibitishwe nia ya kuangamiza kundi kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yake. Mauaji ya halaiki hayadai uthibitisho huo.