Fasili na Zana: Historia Fupi ya Kueleza Kazi ya Kitu

Kazi ya istilahi haiishii katika kuunda neno. Neno likishaundwa huhitaji maelezo yatakayomwezesha mtumiaji kulitofautisha na maneno jirani yake. Jambo hili ni la zamani katika taaluma yetu, lakini limepata uzito mpya kwa kuwa siku hizi maelezo husomwa na mashine pia, na mashine hutenda kwa kuyafuata. Katika makala haya tutaeleza jinsi tulivyofika hapa, na kwa nini watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali hawana budi kulishughulikia.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijishughulisha zaidi na usanifishaji wa tahajia na msamiati wa vitabu vya shule. Frederick Johnson, katibu wake, alitoa Kamusi ya Kiswahili mwaka 1935, ambamo maneno yalielezwa kwa Kiswahili chenyewe. Baada ya Uhuru mahitaji yalibadilika. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ofisi, mahakama na idara zilikuwa zinahitaji majina ya vyeo, fomu na vifaa bila kuchelewa. Ndiyo maana vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyoanza kutolewa mwaka 1974, vilipangwa kwa njia ya orodha: neno la Kiingereza upande mmoja, la Kiswahili upande wa pili. Orodha hizo zilifaa kwa wakati wake, maana msomaji wake alikuwa mtumishi aliyekwisha kuijua dhana kwa Kiingereza, na aliyeweza kumwuliza mwenzake pale alipotatizwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilirudi kwenye njia ya kueleza maana kwa Kiswahili.

Kompyuta nazo zilikuja na tabia ya orodha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa baadaye. Kwa hiyo msamiati wake ulichelewa kuenea kwa watu wengi. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hapo watafsiri walitafuta neno moja au mawili kwa kila amri ya kwenye skrini. Ufupi huo haukuwa na hatari kubwa: mtumiaji huiona amri, huijaribu, na akiona imefanya asichokitaka huitengua.

Hali imebadilika. Mwaka 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha waandishi wa programu kuipa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, orodha ya kazi inazoweza kuagiza zifanywe. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni iitwayo Model Context Protocol ya kuunganisha programu za namna hiyo na zana mbalimbali. Programu inayochagua zana na kuitumia kwa niaba ya mtu huitwa wakala. Wakala, kwa kawaida, haoni kilichomo ndani ya zana. Husoma mambo matatu tu: jina lake, maelezo yake, na taarifa anazotakiwa kuipa. Maelezo yakiwa na utata, wakala hukisia, kisha hutenda.

Tuchukue mfano wa Kawetele, mojawapo ya kata za mji wa Tukuyu wilayani Rungwe. Mwuzaji wa ndizi akimwambia mnunuzi "toa pesa," ana maana kwamba mnunuzi alipe. Katika orodha ya huduma za fedha kwa simu, kama vile M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, "kutoa pesa" ni mteja kuchukua fedha zake mkononi. Shuleni, "toa" ni kupunguza hesabu. Binadamu huziba pengo hilo kwa kuangalia mahali alipo na mtu anayesema naye. Vivyo hivyo, mwenyeji akisema saa mbili asubuhi, mashine inayohesabu kuanzia usiku wa manane yapasa kuandika 08.00, si 02.00.

Sasa tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba ofisi inayohudumia wakulima wa chai wa hapo ina zana iitwayo "toa malipo," nayo imeelezwa hivi: "Hutoa malipo ya mkulima." Je, zana hii inalipa, inakata, au inaonyesha? Maelezo yafaayo yangekuwa haya: "Huonyesha kiasi cha fedha ambacho mkulima mmoja anadai kwa majani aliyopeleka katika mwezi uliotajwa. Haihamishi fedha wala haibadili kumbukumbu. Huhitaji namba ya uanachama, pamoja na mwaka na mwezi kwa tarakimu, mfano 2025-03. Ikiwa namba haijulikani, mkulima aulizwe, isikisiwe." Jina nalo lingebadilishwa kuwa "onyesha malipo." Tofauti kati ya maelezo haya mawili ni fedha za mtu.

Wachumaji wa chai wana kanuni ya namna hii: majani mawili na chipukizi. Kanuni hiyo hutaja kinachochumwa na kikomo chake. Jani la tatu halimo. Mtu aliyeambiwa "chuma majani mazuri" angejaza kapu kwa kadiri ya macho yake.

Kutokana na historia hii tunapendekeza kwamba maelezo ya zana yaseme mambo manne: inafanya nini na kwa upande wa nani, haifanyi nini, hasa ikiwa inafanana na zana nyingine, inahitaji taarifa gani na kwa mwandiko upi, na lifanyike nini taarifa zikikosekana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo geni kwa mwanaistilahi. Ni masharti yale yale ya fasili njema, ila msomaji huyu mpya hasimami kuuliza. Yafaa basi maelezo ya zana zitakazotumika kwa Kiswahili yaandikwe tangu mwanzo na watu wanaokijua Kiswahili pamoja na kazi yenyewe, yasiachwe hadi mwisho kama orodha ya kutafsiriwa.