Gauni la harusi kwa intaneti: namba za saizi zilitoka wapi, na kwa nini zinadanganya

Katika miji ya Kivu, familia nyingi sasa zinaagiza gauni la harusi kwa telefone. Bibi harusi anachagua picha, jamaa wanachanga dola, kisha wanangojea mzigo kwa wiki nyingi. Shida inajulikana siku ya kujaribu: zipu haifungi, ao gauni linajiburuta chini. Kurudisha ni kazi kubwa kuliko kuagiza, zaidi sana Goma, ambako uwanja wa ndege ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 wakati wa vita. Kwa familia iliyokimbia na kuacha mashamba na mifugo, pesa hiyo haipatikani mara mbili.

Wengi wanasema kosa ni la muuzaji. Mara nyingine ni kweli. Lakini historia ya vipimo inaonyesha sababu ingine: namba ya saizi haikutengenezwa kwa ajili ya mwili wa kila mtu.

Zamani, fundi wa Ulaya hakuwa na utepe wenye namba. Alichukua ukanda mrefu wa karatasi, akauzungusha kifuani na kiunoni mwa mteja, akakata alama ndogo pembeni. Kila mteja alikuwa na ukanda wake. Namba haikuwa na faida sana, maana hata urefu wa kitambaa ulipimwa kwa namna tofauti katika kila mji. Kule Paris walitumia kipimo cha aune, karibu sentimeta 119, na miji mingine ilikuwa na aune yake.

Ufaransa ilibadilisha mambo hayo baada ya mapinduzi. Sheria ya 1795 ilianzisha meta, na mwaka wa 1799 kipimo chake cha chuma cha platini kiliwekwa Paris. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, utepe wenye namba ukaenea kwa mafundi. Mwaka wa 1875 nchi 17 zilitia sahihi Mkataba wa Meta. Ubelgiji ilikuwa kati yao, na ndiyo iliyotawala Kongo baadaye. Uingereza na Marekani zilibaki na inchi na yadi. Ndiyo maana sokoni mama ananunua kitenge cha yadi 6, yaani karibu meta 5 na nusu, lakini fundi wake anapima kwa sentimeta.

Gauni jeupe nalo lina historia yake. Tarehe 10 Februari 1840, malkia Victoria wa Uingereza aliolewa akiwa amevaa hariri nyeupe. Hakuwa wa kwanza, lakini picha zake zilienea, matajiri wakaiga, na wengine wakafuata. Hata hivyo, kwa miaka mingi gauni liliendelea kushonwa kwa mwili wa mwenye kulivaa.

Saizi za kiwanda zilipata nguvu jeshini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865, serikali ilihitaji nguo za askari wengi kwa haraka. Vipimo vyao vilisaidia kupanga saizi za wanaume. Wanawake walingoja sana. Mwaka wa 1939 na 1940, wizara ya kilimo ya Marekani ilipima karibu wanawake 15,000, kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Lakini hesabu zilizotumiwa mwishoni zilikuwa za wanawake wazungu peke yao. Juu ya msingi huo saizi rasmi zilitangazwa mwaka wa 1958, kisha zikaondolewa mwaka wa 1983. Tangu hapo kila kampuni inapanga saizi kama inavyotaka.

Matokeo yake yanaonekana leo. Saizi 40 ya Ufaransa inakaribia 44 ya Italia, 38 ya Ujerumani, 12 ya Uingereza na 8 ya Marekani. Mwili ni mmoja, namba ni tano. Mama anayesema «mimi navaa 40» hajampa muuzaji habari ya kutosha.

Lugha nayo inatega. Neno la Kifaransa «taille» linaweza kuwa saizi, urefu wa mtu ao kiuno. «Tour de taille» ni mzunguko wa kiuno, na «tour de hanches» ni wa nyonga. Kwa Kiswahili chetu pia, mtu akisema kiuno, mwingine anaelewa nyonga. Kabla ya kuandika namba, lazima kujua sehemu gani inaulizwa, na kama ni sentimeta ao inchi. Inchi 1 ni sentimeta 2.54, kwa hiyo kiuno cha inchi 30 ni sentimeta 76.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mali. Bibi harusi asijipime. Dada ao fundi ampime, akiwa amevaa nguo ya ndani atakayovaa siku ile. Utepe wa zamani ulinganishwe kwanza na rula, maana kitambaa kinavutika. Kifua kipimwe pale kinapojaa zaidi. Kiuno ni pale mwili unapokuwa mwembamba, juu kidogo ya kitovu. Nyonga ni pale matako yanapojaa. Utepe uwe sawasawa mbele na nyuma, usibane wala usilegee. Urefu uchukuliwe kutoka shimo la shingo hadi chini, akiwa na viatu vya harusi. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili na kuandikwa.

Baada ya hapo, namba hizo zilinganishwe na jedwali la muuzaji yule, si la mwingine. Kama kifua kinaangukia saizi moja na nyonga nyingine, afadhali kuchagua ile kubwa. Fundi wa mtaani anaweza kupunguza gauni kwa siku chache. Kuliongeza bila kitambaa chake ni vigumu sana.

Na pesa ya fundi huyo iwekwe pembeni tangu siku ya kuagiza. Mafundi wa zamani walijua hivyo kwa ukanda wao wa karatasi: nguo inakaa vizuri inapofuata mwili wa mwenyewe.